Tonton Alivyonisindikiza Kuomba Kazi

Sijui kama nitalieleza jambo hili sawasawa, maana shule yangu ilikuwa fupi. Mambo ya kompyuta nilijifunzia Lubumbashi, kwenye ofisi ya kampuni ya migodi, kwa kusimama nyuma ya wakubwa na kuangalia. Kwa hiyo kampuni moja kubwa ya bima huku Ulaya, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, iliponiita kwa mahojiano, niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Mwaka elfu mbili ulikuwa unakaribia, nao walitafuta watu wa kurekebisha programu za zamani zisije zikakosea tarehe. Mimi wakati huo nilikuwa nafagia hoteli.

Asubuhi ile Tonton, yaani mjomba wangu, mdogo wake mama, akatokea kutoka mtaani kwake Koekelberg amevaa suti ya kanisa.

"Unaenda wapi, Tonton?"

"Tunaenda. Muntu haendi kuomba bibi wa kuoa peke yake. Kazi ina tofauti gani?"

"Tonton, hapa ni Ulaya!"

"Bon. Na Ulaya hawaoi?"

Nilidhani atabaki mapokezi. Akapanda lifti pamoja nami. Ndani walikuwa wawili: mama wa ofisi ya wafanyakazi, na mkuu wa programu, bwana mwenye masharubu.

"Samahani," yule mama akauliza, "nani anaomba kazi?"

"Huyu," Tonton akajibu kwa Kifaransa chake kizuri. "Mimi ni familia." Akavuta kiti.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Lakini niseme haki: wangeweza kutufukuza, hawakufanya hivyo. Bwana wa masharubu alicheka, akaagiza kahawa nyingine.

Akanipa karatasi zenye programu, nionyeshe makosa. Moja nililiona. La pili halikuonekana, nikasema silioni.

"Ukikwama hivi kazini, unafanya nini?"

"Ninauliza," nikajibu.

Tonton akakohoa. "Mutoto, usidanganye watu. Haulizi, bwana, ana haya. Tangu mudogo, akipotea njia atazunguka mpaka giza liingie. Lakini ukimuuliza wewe, atasema yote."

Nikauona ufagio wangu unanisubiri.

Tukirudi kwenye metro nikamwambia, "Umeniua, Tonton."

"Nimesema uongo?"



Siku chache baadaye yule mama akapiga simu: wamenichukua kwa majaribio. "Ila kazini uje peke yako," akaongeza, akicheka.

Nilipomwambia Tonton, hakukasirika hata kidogo. "Alors? Bibi akishaolewa, mujomba anarudi kwake."

Mpaka leo sijui kama walinitaka mimi au waliupenda ukweli wa Tonton. Labda walikosa watu tu. Lakini wiki ile ya kwanza nilikwama mbele ya skrini tangu asubuhi, nikijifanya ninasoma. Bwana wa masharubu akaja, akaweka kahawa mezani pangu, akavuta kiti vile vile Tonton alivyovuta siku ile.

"Haya, umekwama wapi?"

Nikamwambia yote.