Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Babu

Nyumba ya babu haikuwa na mlango tulipohamia. Haukuibwa. Wakati wa vita, watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Kagera walipewa hifadhi humo, na mvua ilipozidi kuni zikalowa, waliupasua mlango wakapikia. Babu mwenyewe aliwaruhusu. Vita ilikwisha, wale watu wakarudi kwao, babu akafa, na baba alikuwa mjini Bukoba na biashara zake za mpakani. Nyumba ikabaki Muleba miaka yote hiyo ikiwa wazi, mbuzi wa majirani wakiingia na kutoka.

Sisi tulizaliwa Hamugembe, mtaa wa hapo hapo Bukoba, katika chumba cha kupanga chenye migomba nyuma. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na wa mwisho, msichana ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanamtoka. Baba alianza kukonda, na watu wakaanza kupunguza sauti wanapopita mlangoni kwetu. Tulimrudisha Muleba akiwa maiti, tukamzika kibanjani kwao, katika shamba la migomba la ukoo. Mama naye akalala mgonjwa. Niliacha shule darasa la sita ili nimwogeshe na kumgeuza kitandani. Naye tulimzika kando ya baba, wakati udongo wa kaburi la kwanza bado ni mwekundu.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa kikao mbele ya nyumba ya babu. Sikuitwa, lakini nilikuwa nagawa maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa akisema. Kijana, mdogo wangu wa kiume, angekwenda kwake, kwa kuwa ndiye mrithi na kibanja ni chake. Mdogo wetu wa mwisho angekwenda kwa shangazi Hamugembe, anayeuza dagaa wa kisiwa cha Bumbire sokoni. Mimi ningetafutiwa mahali.

Niliweka jagi chini.

"Baba mkubwa, waitu, naomba kusema," nilisema kwa heshima.

Wazee waligeuka. Mmoja akacheka. "Na jagi nalo litasema?"

"Mwacheni," baba mkubwa alisema. "Sema, mwanangu."

"Msitugawe. Nitawalea mwenyewe."

"Mtakaa wapi? Kodi ya mjini nani atalipa?"

"Tutakaa kwa babu."

"Nyumba ile ya mbuzi?" Safari hii walicheka wengi, hata mimi nusura nicheke, maana mbuzi mmoja alikuwa amesimama pale pale kizingitini akitutazama kama mwenye nyumba.

Baba mkubwa hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, na nataka ijulikane hivyo. Nyumbani kwake walikuwa tayari wanalala watoto wa ndugu zake wengine wawili. Alifikiri, kisha akasema, "Haya. Tutakuja mwanzo wa kiangazi. Tukikuta nyumba ya watu, mtakaa. Tukikuta nyumba ya mbuzi, itakuwa kama nilivyosema."

Basi tukaanza.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, yenye paa la bati ambalo babu alilinunua kwa kahawa enzi kahawa ilipokuwa kahawa. Bati lilikuwa limeshika kutu. Kijana alipanda juu, mimi nikakaa ndani nikimwelekeza, "Hapo! Hapana, rudi, kulia kwako! Kulia ni mkono unaolia chakula!" na kila tundu lililopitisha mwanga aliliziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli na msumari. Misumari tuliing'oa kwenye mbao za zamani tukaigonga juu ya jiwe hadi ikanyooka. Mlango tuliutengeneza kwa mbao za kitanda cha baba na mama, tulichokileta kutoka mjini. Hakuna mtu kijijini aliyetaka kukilalia kitanda kile, wala hatukuwa na mbao nyingine. Jirani yetu, bibi mjane ambaye kibanja chake kilipakana na chetu, alipita akasimama kando ya mlango ule ukiwa bado umelala chini.

"Huu mlango naujua," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na usiku ukilia?"

"Tutaupaka mafuta bawabani."

"Una kichwa kigumu kama cha babu yako. Naye hakuwa na mafuta."

Khanga za mama nilizikata zikawa mapazia. Mdogo wetu wa mwisho alilia nilipoipasua ile ya kwanza, nikampa kipande ashike, nikaendelea kukata.

Tulianza upande wa mbele. Hapa ndipo nilipokosea, na nimeufikiria uamuzi huo katika maisha yangu kuliko jambo lingine lolote. Ukuta wa nyuma ulikuwa mbovu kuliko kuta zote. Ulielekea upande mvua inakotoka, udongo ulikuwa umebanduka, na miti ilionekana kama mbavu. Mtu yeyote mwenye akili angeanza huko. Lakini kwetu mgeni huingia kwa mbele. Hukaribishwa sebuleni, akatandikiwa nyasi mpya, akapewa kahawa ya kutafuna, akakaa pale hadi aage. Hazunguki nyuma ya nyumba ya mtu. Hilo nilifundishwa tangu sijui kuongea. Kwa hiyo nilipanga kama mwenyeji anayengoja wageni. Sikukumbuka kwamba watakaokuja si wageni. Pale ni kwao. Walikulia nyuma ya nyumba ile.

Mbele tuliisiriba kwa udongo tuliochanganya na samadi ya ng'ombe, ikakauka bila ufa. Tulishuka bondeni tukachimba udongo mweupe, tukaukoroga kwenye ndoo, tukapaka ukuta mzima kwa matambara. Mdogo wangu alichovya vidole kwenye masizi akachora mistari kuzunguka dirisha, na chini yake akachora kitu.

"Hicho nini?" kijana alimuuliza.

"Kuku."

"Kuku ana miguu minne?"

"Wawili. Mmoja yuko nyuma."

Ni siku pekee ya mwaka ule ninayokumbuka tukicheka sote kwa wakati mmoja. Jioni tulikwenda rweya, kwenye uwanda wa nyasi juu ya kijiji, tukakata nyasi za kutandika sebuleni. Tulipokuwa tukishuka na mizigo kichwani, nyumba ilionekana kutoka mbali, nyeupe katikati ya migomba, nikaamini tutakaa.

Kilichobaki kilikuwa ukuta wa nyuma. Mahali pa kuchimba udongo nilishapachagua.

Asubuhi yake alikufa mwalimu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Kwetu mtu akifa, jembe haligusi ardhi kijiji kizima hadi matanga yaanuliwe. Si palizi, si shimo la mgomba, si udongo wa kusiriba. Anayelima wakati wengine wamekaa msibani anawatukana wafiwa, na siku akifiwa yeye atachimba kaburi mwenyewe. Zamani mwiko huo haukumzuia mtu, maana kifo kilikuwa kikija mara moja moja. Miaka ile vifo vilifuatana. Mwalimu alizikwa, tukakaa matanga, na siku yalipoanuliwa nilinoa jembe. Kabla sijatoka nalo, tukasikia kilio upande wa kanisani. Mke wa fundi cherehani. Tukarudisha jembe ndani. Aliyefuata alikuwa mvuvi mmoja aliyekuwa visiwani, kaletwa kwa mtumbwi, amefunikwa blanketi hadi kichwani.

Na mvua za masika zikaanza.

Kijana wetu alikuwa akisimama nyuma ya nyumba akiutazama ukuta kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Dada, walisema jembe."

"Ndiyo."

"Hawakusema panga."

"Usianze."

"Panga si jembe. Hata kijiti si jembe. Nikichimba kwa kijiti, nimelima?"

"Umechimba."

"Ng'ombe wanachimba kwa kwato. Nguruwe anachimba kwa pua. Mbona nguruwe hawamtozi faini?"

"Kwa sababu nguruwe hana wa kumzika," nilimwambia. "Sisi tunao. Unataka akifa mmoja wetu abebwe na nani? Mimi na wewe?"

Bibi jirani, aliyekuwa akisikiliza kutoka ng'ambo ya migomba, alisema kwa sauti, "Mtoto ana hoja, lakini hoja haibebi jeneza." Kijana alirusha panga likachoma mgomba, akaondoka zake. Tulikula chakula cha jioni bila kusemeshana.

Tuliegesha majani ya migomba kwenye ukuta ili yapunguze maji. Tuliweka magunia. Mdogo alileta sahani yake ya bati akaiegemeza pale kwenye unyevu, akidhani itasaidia. Siku ya maziko ya yule mvuvi, tukiwa wote kaburini, mvua ilipiga hadi padri akakatisha maneno. Tuliporudi, nusu ya ukuta wa nyuma ilikuwa chini. Haukuanguka kwa kishindo, nafikiri, maana hakuna jirani aliyesikia. Ulilowa tu, ukakaa chini. Kitanda cha watoto kilikuwa kimejaa tope. Kupitia mbavu za miti niliona migomba, na nyuma ya migomba misalaba miwili ya wazazi wetu.

Nilichukua mkeka mkubwa nikauning'iniza kufunika shimo. Nilikuwa bado nafunga kamba kijana alipoingia.

"Dada. Wanakuja."

"Nani?"

"Wazee. Wametoka msibani. Wote."

Yule mvuvi alikuwa na undugu na ukoo wetu upande wa bibi mzaa baba, kwa hiyo watu walikuwa wamefika kutoka mjini na kutoka vijiji vyote. Shangazi naye alikuwepo. Na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukusanyika, na kila mmoja alikuwa amechoka kusafiri kwa misiba, waliona heri wamalize na la kwetu siku hiyo hiyo. Kiangazi kilikuwa bado mbali.

Walikaa sebuleni juu ya nyasi. Niliwapa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, nimepiga magoti, mikono yangu ina tope. Shangazi alishika pazia akajua ni khanga ipi, akaliachia haraka. Mzee aliyenicheka mara ya kwanza alisema, "Kwa kweli, hii ni nyumba." Nilihesabu kwamba wakitafuna na kuaga bila kwenda nyuma, tumepona.

Baba mkubwa aliinuka. Alisema anataka kusalimia makaburi. Hakupita mbele. Alipita ndani, njia aliyokuwa akipita alipokuwa mtoto, akausogeza mkeka kwa mkono mmoja, akasimama.

Upepo uliingia ukapeperusha nyasi sakafuni.

"Jembe lilizuiwa," nilisema. "Baba mkubwa, unajua lilizuiwa. Udongo upo, tumeuona. Mlinipa hadi kiangazi."

"Najua."

"Basi nipeni hadi kiangazi."

"Mwanangu." Aliurudisha mkeka mahali pake, polepole, akaunyoosha kabisa. "Mvua hii watoto watalala wapi? Na kiangazi, nani kati yetu anajua kitamkuta?"

Baba mkubwa mwenyewe alikuwa na kikohozi ambacho sote tulikuwa tukijifanya hatukisikii.

Aliporudi sebuleni alitamka uamuzi. Kijana aende kwake. Mdogo aende na shangazi, lori la kwenda Bukoba lilikuwa linangoja barabarani. Mimi nibaki. Nilidhani sikusikia vizuri. Alirudia: nibaki kwa babu. Nyumba isiyo na moshi huliwa na watu, kibanja kingepaliliwa na wengine hadi kikawa chao, na kijana akikua asikute kitu. Nilikuwa nimeonyesha kwamba naweza kutunza. Wazee waliitikia. Yule mzee alinisifu tena. Kazi niliyoifanya ili tusitenganishwe ndiyo iliyowafanya waone kwamba naweza kuachwa peke yangu.

"Kama anaweza kukaa yeye, hata sisi tunaweza!" kijana alipiga kelele.

"Nyamaza," baba mkubwa alimwambia, bila ukali.

"Tutalala sebuleni! Sebuleni hapavuji!"

"Nimesema nyamaza, baba."

Nilifunga nguo za mdogo kwenye kitambaa. Hazikuwa nyingi. Aliuliza kama shangazi ana kuku, shangazi akasema anao. Akauliza kama atarudi kulala, na hapo shangazi akanitazama mimi nijibu. Nilisema, "Nenda kwanza." Kijana hakuaga. Alipanda baiskeli nyuma ya baba mkubwa, amewageuzia watu wote kisogo, mabega yake yakitikisika kila baiskeli ilipopita shimo, na mahali pasipo shimo pia.

Tangu siku hiyo hatukulala tena watatu chini ya paa moja, isipokuwa tulipokwenda kuzika. Baba mkubwa tulimzika baada ya mavuno ya kahawa. Shangazi mwaka uliofuata.

Lori lilipoondoka nilirudi. Bibi jirani alikuwa amekaa kizingitini kwetu, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua.

"Umewasha moto?" aliuliza.

"Bado."

"Washa. Si wamekuachia moto?"

"Kuni zimelowa, bibi."

"Zangu hazijalowa sana," alisema. Alikwenda kuzileta, nami nikabaki nimesimama sebuleni, nisijue nikae upande gani, wa mwenyeji au wa mgeni.