Ukuta wa Mama Uji

Kiwandani walimwita Mama Uji, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita alisimamia mashine kubwa inayovuruga karatasi chakavu na maji mpaka ziwe uji wa kutengenezea karatasi mpya. Saa hakuwa nayo. Alikuwa akichota konzi moja, akiikamua, kisha akiirusha ukutani nyuma ya bega bila hata kugeuka. Ikinata, uji umeiva. Ikidondoka, bado. Ukuta wenyewe ulikuwa umenenepa kama godoro.

Siku moja akaja mhandisi na kifaa cha umeme cha kuonyesha dakika zilizobaki. Waliosema akili ni nywele hawakumwona huyu, maana upara wake uling'aa kama sufuria mpya. Akasimama kando ya ukuta, hana hili wala lile, akisoma kifaa chake. Mama Uji naye, kwa mazoea tu, akachota, akakamua, akarusha.

Pa, utosini. Wafanyakazi wakang'ata vidole wasicheke. Tonge likateleza taratibu, likapitia puani, likadondoka.

Mama Uji akageuka, akatazama sakafu kwanza.

"Bado," akasema. "Dakika tano. Na samahani, mwanangu."

Mhandisi akafuta miwani, akatazama kifaa: dakika tano. Akakizima, akakitia mfukoni. Zilipotimia, akarudi palepale ukutani, akavua miwani, akainamisha kichwa.

"Haya, mama," akasema. "Rusha."