Njia Aliyompangia Mama Mkwe

Mtu akitaka kuvuka Kolwezi bila kupoteza nusu ya siku, alimwuliza Muteba. Hilo walilijua wenye pikipiki wote wa mjini, na hata madereva wa teksi, ambao kwa kawaida hawakubali kwamba mwenye pikipiki anajua kitu. Ulimwambia unatoka Kapata unakwenda Mutoshi, una mfuko wa unga na mtoto mgongoni. Yeye alifumba jicho moja kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akakupa njia. Panda hapa, shuka pale, tembea kidogo, na teksi ya kwanza iache ipite, dereva wake hupenda kuzungukia kwa mke mdogo. Katika mji ambao leo unapita barabara na kesho unakuta machimbo yameila, umebakishiwa waya na mlinzi mwenye usingizi, kichwa kama hicho ni mali.

Lakini mganga hajigangi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, Muluba wa Kasai, mjukuu wa mtu aliyeletwa kwa gari moshi kuja kuchimba shaba. Naye aliwahi kuchimba. Shimo likamfukia rafiki yake, akaacha, akashika pikipiki. Akamwoa Glodie, binti wa Mama Mianda wa Luilu, na tangu siku ya ndoa hakuwahi kumtazama mama huyo usoni. Si kwa chuki, jamani. Kwao mkwe mwanamume haketi na mama mkwe, hali naye, hagusi hata ncha ya nguo yake. Wakikutana njiani mmoja anakata kona. Watu wa Kasai walikuja na desturi hiyo pamoja na masufuria yao. Kuna namna ya kuilegeza: mkwe analeta mbuzi, mama anampokea, watu wanacheka, mambo yanaisha. Muteba alikuwa na nia ya kuleta mbuzi. Miaka sita alikuwa na nia.

Jumanne moja, kabla jua halijapanda, Glodie alianza kutoka damu, na mimba ilikuwa ya miezi minane. Muteba na dada yake Louise wakampeleka hospitali, kule upande wa barabara ya Likasi. Daktari akasema watampasua saa tatu. Glodie akamshika mume wake mkono.

"Uniletee mama," akasema. "Niko naogopa. Nataka nimuone mbele baniingize ku chumba ya kupasua."

Mama yuko Luilu, upande wa pili kabisa wa mji. Muteba alipita vichochoro vyake vyote na kufika saa moja na nusu. Akasimama nje ya ua, mgongo ameuelekeza mlangoni kama inavyopasa, akaongea na jirani, Mama Annie, aliyekuwa anafagia.

"Mama Annie, umwambie mama Glodie eko ku hopital. Batamupasua saa tatu. Eko anamuita."

Mama Mianda akatoka, kitenge amejifunika kichwani mpaka machoni. Pikipiki ilikuwa pale, injini bado inawaka, kiti cha nyuma kitupu. Hakuna aliyekitazama. Pikipiki za Luilu zilikuwa zimeondoka zote alfajiri na wachimbaji. Mechack, rafiki pekee ambaye Muteba angemkabidhi mama mkwe, alikuwa mbali, njiani kwenda Mutshatsha, na simu yake haikushika. Basi Muteba akafumba jicho moja, akapanga.

Ninasema kweli, ilikuwa njia nzuri kuliko zote alizowahi kupanga. Basi dogo kutoka Luilu mpaka mjini, lakini lile la Tata Kalumba, maana halingoji kujaa. Kushuka kabla ya soko, kwenye duka la saruji, ili kuukwepa msongamano. Pale teksi itakuwa inangoja na kiti cha mbele, kwa sababu yeye atatangulia kukishika. Teksi itapita njia ya reli mpaka hospitali. Mwendo wote wa saa moja na dakika kumi, na dakika ishirini za akiba.

Mama Annie akayarudia yote neno kwa neno. Mama Mianda, ambaye alisikia kila kitu mara ya kwanza, akamjibu Annie: "Umwambie nimesikia."

Mpaka kwenye teksi mambo yalikwenda kama alivyosema. Muteba alikuwa mbele, akiangalia nyuma kila dakika kuhakikisha kwamba gari lipo, halafu akirudisha macho haraka asije akamwona mama. Wakafika relini saa mbili na dakika kumi. Lori la madini lilikuwa limevunjika ekseli katikati ya reli, limeinama, mawe yamemwagika, na malori mengine yamejipanga nyuma yake kama hayana kwao. Upande wa pili vilevile. Gari halipiti. Kando ya mtaro palikuwa na upenyo wa kupitisha pikipiki moja, na pikipiki zilikuwa zinapita, moja baada ya nyingine, watu wawili wawili juu yake, hakuna yenye kiti kitupu.

Muteba alisimama karibu na teksi, mguu mmoja chini. Aliuona upenyo. Sema tu, alijiambia, sema. Lakini atasemaje? Kumwambia mama mkwe akae nyuma yake, amkumbatie kiunoni, mchana, mbele za watu? Anayeweza kulifungua neno kama hilo ni mkubwa. Mama akisema, yeye ataruka. Akangoja.

Mlango wa teksi ukafunguka. Mama Mianda akashuka polepole, magoti yake hayakuwa mazuri, akaja akasimama hatua mbili kutoka kwenye pikipiki, uso ameugeuzia malori. Muteba akashtuka. Akaona yuko karibu mno na mama. Akashuka, akaiegemeza pikipiki, akaenda kusimama mbali, kule kwa muuza mihogo, ili mama apate nafasi. Heshima si utumwa, tunafundishwa hivyo tangu utoto. Nani alitudanganya?

Mama akasimama pale muda mrefu. Kisha akarudi ndani ya teksi.

Saa tatu kasoro kumi Louise akapiga simu. "Bamesha kumuingiza. Muko wapi?" Muteba akasema, "Tuko njiani."

Barabara ilifunguliwa saa tatu na nusu. Walipofika, Louise alikuwa ameketi chini mlangoni, mikono kichwani, na hakuwa na haja ya kuwaambia. Wamekufa wote wawili, Glodie na mtoto. "Alikuwa anauliza mama yake," alisema, "mpaka bakafunga mulango."

Wakaketi kwenye benchi ya ukumbi. Mama Mianda upande mmoja, Muteba ncha ya pili. Mama hakulia kwanza. Mama Annie hakuwepo wa kupeleka maneno, basi Mama Mianda akasema mwenyewe.

"Muteba."

Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama huyo.

"Mama."

"Pale ku reli. Na pikipiki tungefika saa ngapi?"

Louise akamtikisia Muteba kichwa kwa siri, kana kwamba anasema: mwongopee. Lakini juu ya njia Muteba hakuwahi kujifunza uongo.

"Saa mbili na nusu, mama. Tungemukuta."

Mama akaitikia taratibu. "Mi nilishuka mu teksi," akasema. "Nilikuya kusimama karibu ya pikipiki. Niliona haya ya kusema, nikawaza, ataelewa. Na weye ukaenda mbali."

"Nilizani mama unapunga upepo," akasema Muteba. Alilisema akiwa ameugeuzia uso ukuta, kwa kuwa hata sasa hakujua namna ya kumtazama.