Fundi Anayeuliza "We Nani?"

Fundi wa kompyuta wa zahanati yetu hapa Madimba ana vidole virefu. Anaweza kumkuna mgongo mtu aliye kijiji jirani cha Msimbati bila kuinuka kitini. Kabla ya kugusa chochote hutafuna korosho tatu, kisha huandika swali kwa mashine huku akilisema kwa sauti: "We nani?" Nilimcheka. "Bibi," akasema, "ghala la kumbukumbu humu kompyutani lina jina lake la ndani. Jina la kuliitia mtandaoni ni jingine, na hilo mtu hubandika analotaka."

"Kama mimi," nikamwambia. "Nje Bibi Nilza. Jina aliloniita marehemu chumbani sikutajii."

Juzi mganga mkuu wa zahanati akaingia kavimba. "Futa ghala la majaribio, upesi!" Kweli, kwenye kioo liliitwa Majaribio. Fundi akatafuna korosho tatu, taratibu kama mbuzi mzee, akauliza, "We nani?" Likajibu jina la ghala la kweli, lenye kadi za wajawazito wote, akiwemo mjukuu wangu Celia anayejifungua wiki ijayo.

Mganga akakaa sakafuni, na viti vilikuwepo vitatu. Fundi akamsogezea kifuko cha korosho. "Tafuna kwanza, daktari."