Gari Lenye Njiwa Kwenye Kioo

Mke wangu huyaita magari yangu wake wenza, na hakosei sana. La kwanza lilifia Itaka, kwenye mibuni ya marehemu mama, na mpaka leo kuku hutagia kwenye viti vyake vya ngozi. La pili nililiuza huku machozi yakinitoka. Ugonjwa huu niliupata utotoni, kwetu Nanyala, siku gari refu la mkubwa fulani liliposimama mbele ya nyumba kuomba maji ya rejeta. Dereva alinifungulia mlango ninuse ile ngozi, na sijapona tena.

Gari la kisasa silitaki hata la bure. Nataka la kale, zito, lililotengenezwa kwa ajili ya wakubwa. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja wa upande wa Zambia aliponionyesha Mjerumani mweusi, mrefu kuliko gari lolote nililowahi kuliona, moyo uliniruka. Nyuma lilikuwa na madirisha mapana yenye reli za pazia, na kwenye kioo cha mlango wa nyuma walichorwa njiwa wawili, mmoja akiwa amemeguka bawa kwa jiwe. Sakafuni vilipangwa vigurudumu vidogo vya chuma. Nilipouliza ni vya nini, alisema ni vya kuingizia mizigo bila kutoka jasho. Nikauliza gari limembeba nani. Akajibu kwamba limebeba wakubwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Ningejuaje? Kwetu marehemu husafiri kwa pikapu au lori, waombolezaji wamelizunguka jeneza wakiimba. Gari maalumu la maiti nilikuwa sijawahi hata kulisogelea. Nikalinunua, nikalipaka rangi ya maziwa, fundi akanifungia kiti kipana nyuma, na watu wa Tunduma, ninakoishi, wakaanza kuliazima kwa harusi. Mabibi harusi walipigana vikumbo kupiga picha na wale njiwa. Mgeni akija nyumbani, nilimwonyesha jinsi kreti za soda zinavyoteleza zenyewe juu ya vigurudumu. Hata kuliandika hili natahayari.

Ikafika zamu ya binti yangu. Mchumba wake alikuwa kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyefiwa na baba. Wakwe walikuwa hawajaliona gari langu, maana nililificha kwa jirani kila walipokuja. Nilitaka liwashangaze.

Liliwashangaza kweli. Ibada ilipokwisha nilileta gari hadi mlangoni mwa kanisa, maua yamefungwa kila upande. Mama wa bwana harusi alikuwa anacheza mbele ya wenzake. Akasimama ghafla kwenye kioo cha nyuma, akagusa lile bawa lililomeguka. Vigelegele vikakatika upande wao, kisha upande wetu. Baba mdogo wa kijana akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mkwe, gari hili ndilo lilimpeleka kaka yetu makaburini."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa wakwe. Akafungua mlango wa nyuma, akavigusa vile vigurudumu, akaniuliza nilidhani ni vya kazi gani. Nikaanza kuwakumbuka mabibi harusi wote niliowapakia humo, mmoja baada ya mwingine, na meno yao meupe kwenye picha.

Nikaomba iletwe teksi. Baba mdogo akasema jambo si usafiri tena. Mtu haendi kuchukua mke akaletewa msiba wake mlangoni, na wao walikuwa wanarudi kwao na kijana wao. Binti yangu alikuwa ngazini, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, ananitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa ninavunja ndoa ya mwanangu kwa gari.

Hapo ndipo yule mjane, mama wa bwana harusi, aliponijia. Nilijua anakuja kunilaani, nikainamisha kichwa.

"Siku ile walinipakia kwenye lori la nyuma, nimefunikwa shuka," alisema. "Nilililia gari hili njia nzima, na sikuruhusiwa kulikaribia. Nifungulie, mkwe."

Shemeji yake akataka kumzuia. Mjane akautoa mkono wa shemeji begani mwake taratibu, kama anayetoa jani. Nikafungua mlango. Akaingia, akakaa kwenye kiti changu kipana, akainama mpaka kiganja chake kikalala sakafuni, nyuma ya kiti, juu ya vile vyuma. Akamwita mumewe Batata, yaani baba, kwa heshima ya wingi kama wanavyosema na wakubwa wao upande ule.

"Batata, ni mimi. Mwana wenu ameoa."

Baba mdogo alivua kofia. Mjane akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akasogea pembeni, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

"Njoo, mwanangu," alimwambia binti yangu. "Njoo umsalimie baba mkwe wako."

Binti yangu akakusanya gauni lake, akainama, akaingia.