Mchezo wa Mwalimu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mwalimu wa chekechea, na mimi ni mpishi wa shule hiyohiyo, kwa hiyo tunagombana nyumbani na kazini. Wazazi wamembandika jina la Mama Makopo. Darasa lake limejaa makopo, maboksi na visoda, na kila muhula lazima atokee baba mmoja mwenye tai kuuliza kama analipa ada ili mwanawe achezee takataka. Wifi humjibu kwa upole kwamba mtoto hucheza alichokiona, na hivyo ndivyo anavyojifunza. Mimi ningemjibu vingine, ndiyo maana niliwekwa jikoni.

Na jicho analo, tusimnyime haki yake. Kuna mtoto alikuwa akicheza simu ya makopo mawili na uzi, na kila mara kopo analihamishia sikio la kushoto. Walimu wengine hawakuona kitu. Yeye alimwambia mama mtu ampeleke hospitali, na kweli, sikio la kulia lilikuwa halisikii.

Jumatatu ile niliingia darasani kukusanya vikombe. Watoto walikuwa wanacheza shule. Mwalimu wao alikuwa kabinti tunakokaita Shangazi, maana habari za mtaa mzima anazo yeye. Alikuwa amejitupia begani mtandio wa wifi na anatembea kama yeye, mkono kiunoni. Nilicheka hadi vikombe vikagongana.

Shangazi akaanza kuwahesabu wenzake kwa kuwagusa vichwa. "Mmoja, wawili, watatu..." Akanyamaza. Akautazama ukuta. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Wenzake hawakumcheka wala kumsahihisha. Walimsubiri wametulia, kama watu waliozoea. Kisha akachukua kifutio cha ubao, akakitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Huyo ni mwalimu gani asiyejua kuhesabu?" wifi akauliza huku anacheka.

"Ni wewe, mwalimu."

Shangazi hakusema kwa ubaya. Kicheko kilinikauka mdomoni. Wiki iliyopita nilikuta sabuni ndani ya kopo la sukari nyumbani, nikamtania wifi kwamba uzee umebisha hodi.

Mchezo ukaendelea. Mtoto mdogo kuliko wote akainuka mwenyewe, bila kuambiwa, akaingia stoo ya midoli. Shangazi akafunga mlango na kusukuma komeo. "Haya, wote wameondoka," akasema, akashika mkoba wake akaenda zake. Kutoka stoo tukasikia kugonga kwa taratibu. "Mwalimu, mimi bado nipo." Shangazi hakugeuka. Mtoto mwingine ndiye aliyekuja kufungua, akakaza sauti kama mlinzi wetu wa getini: "Twende nikupeleke kwenu. Usimwambie mtu, mwalimu atafukuzwa."

Nikamwita mlinzi dirishani. Alipoulizwa alitazama viatu vyake.

"Ilikuwa Ijumaa, mama," akamwambia wifi. "Nilimsikia huyu mdogo anagonga humo stoo, giza linaingia. Nilipomfikisha kwao, mama yake ndiyo kwanza anatoka kazini. Nikamwambia alikuwa na mimi getini."

Wifi alikuwa amejishikiza kwenye meza. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, watoto hakujaliwa. Ukimtoa kwenye darasa lile umemmaliza. Nilimwonea huruma.

"Wifi, Mungu amesaidia, mtoto mzima," nikamnong'oneza. "Yaishie hapahapa. Kuanzia leo nitawahesabu mimi."

Wifi alichuchumaa mbele ya Shangazi.

"Halafu mwalimu anafanya nini?"

Kabinti kakafikiri. "Sijui," kakasema. "Bado hujafanya."

Wifi akainuka. Akavua funguo za darasa shingoni, akanikabidhi mbele ya watoto wote, nao walikuwa wanamtazama kila anachofanya.

"Twende kazini kwa mama wa yule mdogo," akaniambia. "Asikie kutoka kwangu."

Watoto tukamwachia mwalimu wa darasa la jirani. Tulivuka uwanja, yeye mbele, mwendo wake uleule wa haraka, hata nikaanza kujidanganya kwamba labda ni uchovu tu. Getini akasimama. Akaangalia barabara huku, akaangalia kule. Kisha akanishika mkono kwa nguvu na kuniuliza tulikuwa tunakwenda kwa nani.