Dada Brashi na Shujaa Mwenye Masikio

Mtu akikualika kwenye onyesho lake, halafu akuwekee kiti cha mbele bila hata wewe kumwomba, wewe ungefikiri nini? Dada Brashi machale yalimcheza papo hapo. Aliyemwalika ni mdogo wake wa tumbo moja, mchekeshaji, ambaye kila Jumamosi mchana hutundika ukutani makava ya magemu ya zamani na kuyacheka mbele za watu. Na Dada Brashi, kwa miaka ishirini na miwili sasa, riziki yake ilikuwa kuchora makava hayo hayo.

Mdogo mtu alidai kuwa huo ni uhakiki. Uhakiki! Dada Brashi alitaka kujua kitu kimoja tu: je, huyu bwana huitazama picha kabla ya kufungua mdomo? Kama huitazama, amcheke hata yeye, ruksa. Kama haitazami, basi miaka yote aliyomwambia kwamba anaikubali kazi yake alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kiti cha mbele akakikwepa. Akakaa nyuma, karibu na mlango, mkoba mapajani.

Kava lake likaja la nne: shujaa, upanga mkononi, juu ya farasi mweupe. Mchekeshaji akauliza ni nani aliyewahi kumwona farasi ndani ya gemu lile. Hakuna mkono ulioinuka. Akasema yeye alilicheza siku tatu, akafungua kila mlango, akachungulia hadi kisimani, farasi hakuna. Ukumbi mzima mbavu hazina mwenyewe. Dada Brashi naye akacheka, aibu ikimwasha masikio, maana ilikuwa kweli tupu. Kampuni ilimpa karatasi moja ya maelezo wakati gemu lenyewe halijaisha. Farasi akaja kuondolewa, na mchoraji hakuna aliyemwambia. Kava lilidanganya wanunuzi, na mdogo wake alihangaika mpaka akalibaini. Huo sasa ni uhakiki, alijisemea, na roho ikaanza kumtulia.

Ndipo mchekeshaji akahamia usoni. Akasema shujaa ana sura ya mtu aliyekalia msumari na anaona haya kusimama, na masikio yake kila moja limeshika njia yake. Watu walicheka kuliko walivyomcheka farasi. Dada Brashi hakucheka. Iliuma, na iliuma hasa.

Watu walipotawanyika, mdogo wake alimfuata na kava mkononi, anataka sifa.

"Ya farasi nimeikubali," dada akamwambia. "Ulitafuta. Ya uso umeropoka tu."

Akajitetea kwamba sura mbaya ni sura mbaya, sasa hapo kuna nini cha kutafuta?

"Mtazame vizuri. Kampuni haikunipa mtu wa kumchora. Nilikusimamisha dirishani siku mbili na ufagio mkononi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa."

Mchekeshaji akalisogeza kava kwenye mwanga. Akalifuatisha kwa kidole sikio moja la shujaa, kisha akagusa la kwake.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Lilikaa juu ya runinga yetu miaka kumi, mdogo wangu. Nilidhani umeshajiona."